Salamu za Babu Kaboya

Meli ya MV Victoria iling'oa nanga Mwanza saa tatu usiku, nami badala ya kulala nikakaa nje nimeshika kikopo cha bati alichoniachia babu. Ndani mlikuwa na buni kavu za kutafuna, zile ambazo Wahaya humkaribishia mgeni. Babu alikuwa Msukuma wa Magu, wala hakukulia katika mazoea hayo. Aliyapata mwaka 1978 akiwa dereva wa lori la JWTZ, na hakuyaacha hadi alipofariki mwaka jana.

Tulishuka Bukoba asubuhi, nikapata gari la abiria hadi Kyaka. Hapo ndipo majeshi ya Idi Amin, baada ya kuvamia mwishoni mwa Oktoba 1978 na kutangaza kuwa ardhi yote hadi Mto Kagera ni ya Uganda, yalipolipua daraja. Wanajeshi wetu walivuka baadaye kwa daraja la muda, na babu alikuwa miongoni mwao. Simulizi yake ya vita ilikuwa na matope mengi kuliko risasi. Alisema walivuka usiku, taa zimezimwa, huku msaidizi wake (alimwita utingo, ingawa wote wawili walikuwa askari) akitangulia kwa miguu amejifunga kitambaa cheupe mgongoni, ili dereva apate kitu cha kufuata gizani. Nilivuka daraja la leo taratibu, nikitazama maji mazito ya rangi ya udongo, na malori yaendayo Mutukula yakinipita bila hata kupunguza mwendo. Sisi tuliozaliwa baadaye tunazikariri hotuba za vita ile. Mtu wa kitambaa cheupe hatukufundishwa.

Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979, utingo huyo hakuwapo tena. Babu hakupata kutueleza alikufa vipi, nasi tulijifunza kutouliza, maana swali hilo lilimfanya ainuke na kwenda kufagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Tulichojua ni kwamba amezikwa Kaboya, wilayani Muleba, na kwamba baba yangu alipewa jina lake.

Makaburi ya Kaboya yapo katika eneo la jeshi, kwa hiyo nilijieleza getini na kusubiri kwa muda mrefu. Askari wa zamu, kijana wa umri wangu, alinisindikiza kati ya safu za makaburi, tukisoma majina moja moja, mpaka nikaliona jina la baba yangu limeandikwa juu ya kaburi la mtu mwingine. Miguu iliniisha nguvu.

Siku zake za mwisho babu aliniita kitandani. "Mjukuu wangu," alisema, "ukifika Kaboya mwambie gari lilifika."

Askari alirudi nyuma hatua kadhaa. Nikachuchumaa, nikamwaga buni chache kiganjani, na kwa sauti ya chini nikamwambia.