Kijiwe Chini ya Ulimi

Kila nilipokaa kula, tonge la pili halijashuka, chini ya taya la kushoto palivimba na kukaza hadi natema chakula. Baada ya kitambo uvimbe ulinywea wenyewe, nikawa mzima hadi mlo mwingine. Watu wakaniambia ni jino.

Daktari wa upasuaji hakunihoji sana. Alivaa glovu, akaingiza kidole kimoja chini ya ulimi wangu, kingine akakiweka nje chini ya taya, akavikutanisha. "Hiki hapa." Nami nilikisikia, kigumu, kikicheza katikati ya vidole. Kijiwe cha mate, kilichoziba mfereji unaoleta mate mdomoni. Vingi huota kwenye tezi hii ya mate ya chini ya taya, alinieleza, kwa kuwa mate yake ni mazito na mfereji wake ni mrefu, tena unapanda juu. Kingekuwa ndani ya tezi yenyewe, huenda ingebidi kupasua shingoni na kuitoa tezi nzima, na hapo hupita mshipa wa fahamu unaoshusha pembe ya mdomo. Changu kilikuwa karibu na tundu la kutokea. Nilishukuru, maana mdomo ndio riziki yangu.

Nilipasuliwa nikiwa macho. Sindano ya ganzi iliuma kuliko vyote vilivyofuata, na sijui kwa nini watu huogopa kisu tu. Kisu chenyewe hakikutangulia. Kwanza alipitisha uzi nyuma ya kijiwe, akauvuta juu ukaubana mfereji. Pengine aliniona nimetoa macho. "Nisipokizibia njia," akasema, "kitateleza kirudi ndani, tuanze kutafutana."

Kisha akachana taratibu juu ya kijiwe, maana mshipa wa fahamu wa ulimi uko jirani kabisa. Kikachomoka, cha manjano, chenye mikwaruzo, hakizidi punje ya mchele. Nyuma yake yakabubujika mate ya siku nyingi, muuguzi akayakimbiza kwa mpira wa kufyonza. Uzi ukatolewa. Kidonda hakikushonwa, kwani mshono ungeweza kuuziba mfereji upya.

Nilitoka na ulimi mzito na masharti: maji kwa wingi, vitu vichachu vya kunyonya ili mate yasukume njia, na nikiona usaha au homa nirudi siku hiyo hiyo.