Sheffield hadi Newala: pete ya shokapu iliyoniponya mgongo

Wanaonipigia simu kutoka nyumbani Jumapili mchana na kunikosa wameshazoea. Wanajua niko kwenye pikipiki. Mvua isiponikatalia, saa nne asubuhi nakuwa nimeshatoka Sheffield, mji wa Uingereza ninakoishi, nakata milima ya Peak District kushuka Matlock Bath, mji mdogo ulio kando ya mto Derwent, ambako wapenda pikipiki wa maeneo haya hukusanyika mwisho wa wiki. Pikipiki zinapangwa ubavu kwa ubavu kandokando ya barabara, watu wanakula samaki na chipsi, kofia ngumu zimekalishwa juu ya matenki, na mazungumzo ni yaleyale ninayoyajua tangu kijiwe cha Ligula pale Mtwara. Yako inakula mafuta kiasi gani? Siti yake inaanza kuuma baada ya saa ngapi? Tairi hilo umelipata wapi? Mlimani inavutaje? Pale Ligula ubishi ni Boxer na TVS. Hapa ni BMW na Triumph. Mapenzi ni yaleyale.

Nimekulia Chuno, Mtwara mjini. Mjomba wangu alikuwa bwana shamba, akizungukia wakulima wa korosho kwa Honda XL ya miguu mirefu yenye kiki ngumu. Ndiye aliyenifundisha kuendesha, kwenye mchanga wa nyuma ya nyumba, nikiwa kidato cha pili. Somo lake la kwanza lilikuwa breki. "Mpwa wangu, kwenye mchanga usiguse breki ya mbele. Ukiigusa, umelala." Nililishika somo hilo miaka mingi, likaja kunipa kazi nilipofika Uingereza.

Huku leseni ya Tanzania unaruhusiwa kuitumia miezi 12 tu. Baada ya hapo unaanza upya kama mtu ambaye hajawahi kushika klachi: mafunzo ya lazima ya siku moja, kisha unaruhusiwa kuendesha cc 125 ukiwa umebandika herufi L nyekundu mbele na nyuma, halafu mtihani wa nadharia, halafu mitihani miwili ya vitendo. Katika ule wa kwanza unatakiwa ufikishe kilomita 50 kwa saa uwanjani, mtahini anainua mkono, na wewe usimame papo hapo bila kuyumba. Mwalimu wangu aliona natumia mguu tu, pikipiki inaburuza nyuma kama mkia wa kenge. Akanieleza kwa utulivu: ukifunga breki, uzito wote unakimbilia mbele na gurudumu la nyuma linabaki jepesi, kwa hiyo kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo inayokusimamisha. Ila uiminye kama unavyokamua chungwa, kwa kuongeza polepole, usiinyakue. Mjomba hakukosea hata kidogo. Mchanga wa Chuno na lami ya Sheffield ni shule mbili, na nashukuru nimesoma zote.

Pikipiki niliyonayo sasa ni Honda CB500X iliyotumika. Injini ya silinda mbili, cc 471, nguvu kilowati 35. Ikiwa imejaa mafuta ina uzito wa karibu kilo 200, na siti yake iko sentimita 83 kutoka chini, kwa hiyo mimi na kimo changu cha Kimakonde nilikuwa nasimama kwenye taa nyekundu kwa mguu mmoja. Naipenda kwa moyo wote. Inapanda barabara ya Snake Pass, ile A57 inayopita bwawa la Ladybower na kufika zaidi ya mita 500 kabla ya kuteremka Glossop, bila kulalamika wala kukimbilia gia ya chini.

Tatizo lilikuwa mgongo. Kila baada ya saa moja na nusu, kiuno kilianza kuwaka moto. Mimi ni muuguzi, nafanya zamu za saa 12, nageuza wagonjwa kitandani. Mgongo ndio mtaji wangu. Nikaanza kununua. Nikanunua mto wa jeli wa kuweka juu ya siti, kioo kirefu cha kukinga upepo, na vipande vya chuma vya kuinua usukani ili nisiiname. Kila kimoja kilisaidia kidogo, hakuna kilichomaliza shida. Duka moja likaniambia dawa ni shokapu mpya, kwa bei ambayo ni nusu ya tiketi ya ndege ya kwenda nyumbani. Hakuna aliyeinama kuangalia ile niliyonayo imefungwaje.

Agosti 2023 nikaenda likizo Mtwara. Mtoto wa mjomba anaendesha bodaboda, ana Boxer 150 anayoipiga deki kila jioni kama kikombe cha chai. Akaniazimia nyingine ya rafiki yake, tukapanga safari ya Jumamosi: Mtwara hadi Newala, kama kilomita 140, twende tukaone Shimo la Mungu na kurudi. Tulitoka alfajiri, kusi likivuma, tukapita Naliendele kwenye kituo cha utafiti wa korosho. Mikorosho ilikuwa imechanua, na wakulima walikuwa wanapulizia salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga. Harufu ile ya kiberiti iliyochanganyika na umande iliniingia kifuani nikajikuta naendesha huku machozi yananitoka. Huwezi kuinunua popote Ulaya.

Lami ilituchukua vizuri hadi Mnivata, kilomita 50. Baada ya hapo ikaanza barabara ya vumbi jekundu, na ndani ya dakika kumi kiuno kikaanza kuwaka vilevile kama niko Uingereza. Kila shimo lilinirusha juu ya siti. Nikapiga honi, tukasimama chini ya mwembe. Nikamwambia labda mgongo wangu ndio umekwisha, umri umefika.

Hakunijibu. Alichuchumaa nyuma ya Boxer yangu, akapangusa vumbi kwenye shokapu kwa kidole gumba, akacheka. "Dada, hii imekazwa kwa ajili ya maji, haijakazwa kwa ajili yako."

Mwenye pikipiki ile kazi yake ni kubeba maji. Uwanda wa Makonde una shida ya maji tangu enzi za bibi zetu, na kijana yule hufunga madumu manne mpaka sita ya lita 20 kwa mpira wa tyubu. Sita ni kilo 120 za maji, dereva hajahesabiwa. Chini ya springi ya kila shokapu kuna pete yenye ngazi ndogondogo. Ukiizungusha kupanda, springi inabanwa na pikipiki inainuka isikalie tairi inapobeba mzigo. Yeye alikuwa ameipandisha ngazi ya mwisho. Binamu akachomoa bisibisi nene chini ya siti, akaichomeka kwenye tundu la pete, akairudisha ngazi moja, mbili, tatu, kila moja ikilia "ta!" Akahamia upande wa pili na kufanya hivyohivyo, akihesabu kwa sauti. Pande mbili lazima zilingane, la sivyo pikipiki inayumba kwenye kona. Halafu akapunguza upepo kidogo kwenye tairi la nyuma, kwa sababu lilikuwa limejazwa kwa ajili ya maji pia.

Kilomita tatu za kwanza nilidhani wamechonga barabara usiku ule. Mashimo yalikuwepo, niliyaona kwa macho, lakini yalikuwa yanaishia kwenye gurudumu.

Nimeisoma sana habari hii tangu siku ile, na sababu yake ni rahisi kuieleza. Watu wengi wanafikiri kazi ya shokapu ni kubonyea tu tairi linapogonga kitu. Nusu ya pili ya kazi yake ni kufunguka: tairi likikuta shimo, gurudumu linatakiwa lishuke lifuate ardhi huku wewe umebaki mahali pako. Ili liweze kushuka, ni lazima pikipiki iwe imedidimia kiasi unapoikalia, ibaki na akiba ya kushuka. Springi iliyobanwa kwa ajili ya kilo 120 haididimii kwa mtu mmoja wa kilo 60. Gurudumu linaning'inia mwisho wa uwezo wake, na kila shimo linakuwa ngumi ya kiunoni.

Tandahimba tulikunywa chai na mihogo. Newala tulifika kabla ya adhuhuri, tukasimama kwenye ukingo wa Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla na bonde kufunguka chini yako kuelekea Ruvuma na Msumbiji. Baridi ya Newala ilinifanya nifunge koti hadi shingoni. Wakati wa kurudi nilipata pancha, msumari wa inchi mbili. Kijana wa kando ya barabara alitoa tyubu, akakwangua, akapaka solusheni, akabandika kiraka, na kabla sijamaliza soda tulikuwa tunaondoka. Tairi zangu za Sheffield hazina tyubu. Zinazibwa kwa uzi wa mpira unaosukumwa tunduni kwa nje bila kufungua gurudumu. Nilimwonyesha yule kijana kwenye simu, akaniuliza maswali ya maana kuliko ninayoulizwa Matlock.

Niliporudi Uingereza, kabla hata ya kufungua masanduku, niliteremka gereji na tochi na rula. Nilimwita jirani anishikie pikipiki. Nikapima kutoka ekseli ya nyuma hadi alama niliyobandika kwenye mkia wakati gurudumu limeinuliwa hewani, kisha nikapima tena nikiwa nimekaa na nguo zangu zote za safari. Tofauti ilikuwa milimita 12. Kwa pikipiki ya barabarani inatakiwa iwe 30 hadi 40 hivi. Aliyeniuzia alikuwa mwanamume mnene aliyekuwa akisafiri na mkewe na masanduku matatu, na pete aliiacha palepale alipoihitaji yeye. Nikaizungusha kwa spana ya ndoano, nikapima, nikaizungusha tena, hadi ikasoma 33. Jumapili ile nilikwenda Glossop na kurudi, nikapitiliza hadi Buxton. Kiuno kilinyamaza. Faida nyingine sikuitegemea: pikipiki ilishuka kidogo, sasa kwenye taa nyekundu miguu yote miwili inagusa.

Tangu hapo naulizwa na vijana wa nyumbani waanze na nini wakitaka kuboresha pikipiki, na jibu langu halibadiliki. Breki, tairi, kofia. Vikikaa sawa hivyo, ndipo uguse shokapu na siti, na hapo Mtwara tumejaliwa, kwa sababu mafundi wa siti wanajua kukata godoro na kulishona upya kwa umbo la makalio ya mtu kuliko kiwanda chochote. Bampa ya chuma ni nzuri, inaokoa mguu. Ekzosi ya kelele sijaona inamsaidia nani. Zile taa kali za LED zinazofungwa mbele zinanikera sana, zinampofusha anayekuja, na usiku wa barabara ya Mikindani wenye malori ya saruji hauhitaji dereva aliyepofuka.

Kwenye kofia sibembelezi mtu. Nimepokea vichwa vilivyogonga lami, na nimeona tofauti kwa macho yangu. Nilimpelekea binamu kofia mbili zenye alama ya ECE, ya kupita vipimo vya usalama, moja yake na moja ya abiria. Yake anaivaa. Ya abiria niliikuta inaning'inia kwenye saiti mira, abiria kakaa nyuma na kilemba tu. Anasema wanakataa, wanasema inaharibu nywele, wanasema ni karibu. Nimemwambia asiyevaa asipande, na kwamba nauli atakayoikosa nitamlipa mimi. Tumegombana kuhusu hilo zaidi ya mara moja na tutaendelea kugombana.

Lipo jambo moja linaloninyima usingizi tukipanga safari ijayo. Pikipiki yangu ina ABS. Nikifunga breki kwenye majani yaliyoanguka na kulowa ya Oktoba, gurudumu haligandi. Boxer yake ina breki za ngoma mbele na nyuma, na zikishaisha zinakudanganya polepole, kila siku unavuta mkono kidogo zaidi bila kujua. Mwakani Agosti tukijaliwa tunataka kwenda Lindi, tulale, asubuhi yake tuendelee Kilwa. Juzi alinitumia picha ya pikipiki imeoshwa, siti mpya nyeusi yenye uzi mwekundu. Nimeitazama vizuri. Alikuwa ameuminya mkono wa breki ya mbele, na ulikuwa umekaribia kugusa usukani. Nimempigia hapohapo nikamwambia abadilishe shuu za breki mbele na nyuma wiki hii, hela ninatuma leo, na anitumie video anazifunga.