Changu wa Ijumaa

Nimetoka ibada ya Njia ya Msalaba pale Minara Miwili, kanisa letu Katoliki la Mji Mkongwe, Zanzibar, nikakimbilia daladala nifike nyumbani Mwanakwerekwe kabla ya Magharibi.

Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu, mwanzo wa Kwaresima yetu, ilikuwa 18 Februari, na Ramadhani ikaingia wiki hiyohiyo. Mtaa mzima umefunga, nami nimefunga. (Kazini wananitania: "Na wewe?")

Sijavua hata viatu, hodi.

Mtoto wa jirani, kofia kichwani, kashika bakuli kwa mikono miwili. Futari. Muhogo wa nazi, na juu yake kipande cha samaki changu, kimekaangwa mpaka mkia umekauka.

"Shikamoo anti. Mama kasema leo Ijumaa yenu, hamli nyama. Sisi tumepika ng'ombe, wewe kakutilia samaki."

Nani kamwambia? Sijawahi kumhubiria. Ananiona tu nikitoka na rozari yangu, basi.

Kuna wanaosema ukiishi huku imani inapoa. Yangu huku ndiko inakoulizwa kila siku, tena na watu wanaoijua ratiba yake kuliko baadhi ya wenzangu wa kwaya 😅

Nikapiga ishara ya msalaba palepale mlangoni, mtoto ananitazama.

Sasa bakuli halirudi tupu. Jamani wa visiwani, kesho nimtilie nini?