Kinyonga chini ya tenga

Mei 1998, masika yakiishia, nilimnunua kinyonga kwa pesa ya mafuta ya taa. Nilikuwa darasa la saba, naishi na bibi yangu Muheza. Nyuma ya stendi vijana watatu walikuwa wamembana kinyonga kwa vijiti wamtie tumbaku mdomoni, maana walisikia akilewa hugeuka rangi zote. Alikuwa amejivimbisha, zile ngozi mbili za kisogoni zimesimama kama masikio, mdomo wazi, ndani rangi ya chungwa. Nikawapa hela yote niliyotumwa dukani, nikamfunika kwa kofia yangu, nikatimua mbio. Kichapo nilikipata jioni ile ile, na sikujali.

Nilimwita Babu, kwa ule mwendo wake wa kupima kila hatua. Bibi alitoa sharti moja tu: "Huyo mdudu asivuke kizingiti cha chumba changu." Mtaani kwetu watu wengi walimwogopa kinyonga kuliko nyoka, na Bibi alikuwa mmoja wao.

Nyumba yake ilikuwa boksi la sabuni. Upande mmoja nilitoboa tundu nikaziba kwa waya wa mbu, chini nikatandika magazeti, ndani nikaweka tawi la mpera na kibakuli cha maji kwenye kona. Boksi nikaliweka ndani, dirishani, nyuma ya kioo, ili apate jua bila kunyeshewa. Kila asubuhi kabla ya shule nilikamata panzi, nikammwagia kumi au kumi na tano kwa mpigo ashinde nao. Nilijiona nimemkamilishia kila kitu.

Wiki ya kwanza alikula. Wiki ya pili akaacha. Maji hayakupungua hata kidogo. Macho yake, yale yanayozunguka kila moja kivyake, yakaanza kuzama. Kwenye kinyesi chake ile sehemu niliyozoea kuiona nyeupe ikawa na rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Kwenye mguu wa nyuma nikaona vidonda vidogo. Sikujua kwamba wadudu wakiachwa na njaa, usiku huweza kumtafuna kinyonga aliyelala. Ukijani wake ukafifia, akawa wa kahawia mwenye madoa meusi.

Kisha akashuka kwenye tawi. Kutwa nzima akawa anatembea chini ya boksi, akikwaruza magazeti kwenye kona, anapumzika, anakwaruza tena. Nikadhani anataka kutoroka. Nikamrudisha kwenye tawi, akashuka. Nikamrudisha. Siku mbili nilifanya kazi hiyo, na hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo kuliko hata yale maji.

Jirani yetu alikuwa mzee aliyestaafu kazi kule Amani, kwenye kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 na baadaye kikawa cha malaria. Ujanani alitembea sana msituni na wataalamu. Siku ya tatu nikabeba boksi hadi barazani kwake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hebu mlete."

Alimtoa taratibu, akamwacha apande mwenyewe kwenye mkono wake, hakumshika mgongoni kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Akanichukua kidole, akakigusisha ubavuni mwa kinyonga. Chini ya ile ngozi nyembamba kulikuwa na vibonge, vingi, vimebanana kama kunde ndani ya ganda.

"Huyu si Babu," akasema. "Huyu ni mama, ana mayai. Hatoroki. Anatafuta udongo."

Nilihisi miguu inaniisha nguvu. Akaniambia jike asipopata mahali pa kuchimba, mayai humkalia tumboni mpaka yanamuua. Akaniuliza anakunywaje. Nikamwonyesha kibakuli. Akatikisa kichwa: kinyonga hayatambui maji yaliyotulia, yeye hulamba umande na matone ya mvua yanayoteremka kwenye majani. Na kuhusu dirisha alisema, "Jua la kioo si jua." Miaka mingi baadaye nilielewa alichomaanisha: kioo hupitisha mwanga na joto, lakini huzuia karibu mionzi yote ambayo ngozi ya mnyama huyu huitumia kutengeneza vitamini D, na bila hiyo madini ya kalsiamu hayafiki ipasavyo kwenye mifupa wala kwenye maganda ya mayai. Watu wanaonionyesha mijusi na kobe wao waliolegea mifupa, mara nyingi wamewaweka dirishani kama mimi, kwa nia njema kabisa.

Tulimpeleka kwenye mpera uani kwetu. Mzee akachovya vidole kwenye maji, akanyunyizia majani. Tone likateleza kwenye mshipa wa jani, likaning'inia nchani. Kinyonga akaligeuzia jicho moja, akasogea, akafunua mdomo kidogo, akaanza kutafuna maji. Alikunywa karibu nusu saa. Sijawahi kuona kiumbe mwenye kiu namna ile, na kiu hiyo nilimpa mimi.

Jioni aliteremka mwenyewe. Akachagua mahali penye unyevu karibu na uzio, akaanza kuchimba kwa mikono, kichwa mbele. Nilikaa mbali kidogo na taa ya chemli. Usiku aligeuka, akaingia kinyumenyume, kikabaki kichwa tu nje, kope zimejaa udongo. Adhana ya alfajiri ilinikuta pale pale, naye yumo. Mchana akafukia, akishindilia kwa miguu ya nyuma, hata mtu asingejua kulikuwa na shimo. Akatoka amekonda, ngozi ya mbavu inaning'inia, akapanda mperani. Siku tatu nilimnyunyizia majani asubuhi na jioni, akanywa na kula nzige mmoja. Siku ya nne hakuwepo.

Kuku wa Bibi walikuwa wakichakura uwanja mzima. Nilikuwa naokota vijiti nizungushie pale mahali, ndipo Bibi akatoka jikoni na tenga la machungwa, akalifunika juu ya ule udongo, akaweka jiwe. "Kuku watafukua," akasema, akarudi kwenye chungu chake. Kuanzia siku hiyo alipofagia alilizunguka.

Januari nilikwenda kidato cha kwanza, bweni. Niliporudi likizo ya Pasaka 1999, tenga lilikuwa limerudi jikoni. Nikamuuliza. Akasema mwezi uliopita, asubuhi moja baada ya mvua, aliona vitu vimejaa kwenye matundu ya tenga, kila kimoja urefu wa kijiti cha kiberiti, macho yanazunguka. Alifungia kuku bandani. Akasimama na fagio lake mpaka wa mwisho alipofika kwenye uzio.

"Nilihesabu ishirini na sita," akasema. "Wengine walinipita miguuni."