Alhamisi ya Mazoezi, na Koo Langu

"Dada, jana ulikuwa uwanjani nini?" Mwalimu wa kwaya aliniuliza hivyo Alhamisi, sauti yangu ilipokwaruza, kwa upole kabisa, mbele ya safu nzima ya sauti ya kwanza, nami nikajibu, "Hapana, mwalimu," kisha nikaketi.

Wiki hii posa ya mdogo wangu imepokelewa na ofisi yetu imehamia ghorofa ya tatu, lakini ninachokisikia usiku ni swali hilo na vicheko vilivyolifuata. Kinachoniuma ni kudhaniwa kwamba nimeichezea sauti kwa kushangilia mpira, ilhali tangu nianze vidonge vya chunusi sipigi kelele hata kwa konda anayenipitisha kituo. Ningeweza kueleza, ila ningelazimika kuuzungumzia uso wangu mbele ya wanaume wa besi.

Vidonge hivyo vinaitwa isotretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982. Hupunguza ukubwa na kazi za tezi za mafuta ya ngozi, na ndiyo maana chunusi zilizozishinda sabuni zote za Shangazi zimeanza kunyauka. Lakini ukavu wake hauishii usoni: midomo hupasuka, pua huweza kutoka damu, na koo nalo hupungukiwa na ule unyevu unaoziwezesha nyuzi za sauti kugusana kwa ulaini mamia ya mara kwa sekunde moja. Noti za chini bado ninazipata. Zile za juu, hasa zinazotakiwa kuimbwa polepole, hutoka na mkwaruzo au hewa tupu.

Jana nilikunjua karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi, nikakuta sauti kukwaruza imetajwa miongoni mwa madhara ya nadra sana, nikacheka peke yangu hadi Mama akaja kuchungulia; nilijiona kama niliyepewa cheti. Nitamwomba mwalimu faraghani anishushe sauti ya pili mpaka dozi iishe, kwa kuwa ukavu huu kwa kawaida huondoka dawa ikikoma.

Sasa wasiwasi umehamia kwenye majibu ya damu ya Jumatatu. Vidonge hivi humezwa pamoja na chakula chenye mafuta ili vifyonzwe vizuri, na papo hapo vyenyewe vinaweza kupandisha mafuta ndani ya damu. Mama, aliyelisikia sharti la kwanza pekee, ameshakuna nazi mbili kwa ajili ya wali wa leo.