Miezi saba niliyojificha baada ya kuvua joho

Juzi usiku kuna dogo mmoja kaniandikia, kaka nimemaliza chuo, nipe ushauri wa maisha. Nikacheka kwanza, maana mtu anayeniomba mimi ushauri wa maisha ujue hali ni mbaya. Nikamtumia voisi ya dakika kumi na moja, mpaka leo hajaisikiliza, ndo nimeona bora niandike hapa labda ataisoma mwingine.

Mimi nilipomaliza nilijificha miezi saba. Siumwi, sidaiwi na mtu, najificha tu. Matokeo yalikuwa mazuri, zile picha za joho nimeziposti zikapata laiki kibao na hongera msomi wetu, sasa utaanzaje kurudi kusema jamani mimi sina kazi? Mtu akiniuliza upo wapi siku hizi namwambia kuna mishe flani naifuatilia. Mishe yenyewe ilikuwa kulala. Grupu la darasa nikalimyuti kwa sababu kila wiki kuna mtu anapongezwa, simu za washkaji naziangalia zinaita mpaka zinakata halafu naandika "samahani nilikuwa kwenye kikao". Kikao na nani sasa, na mto?

Kilichonitoa humo ni dada mmoja ambaye tulikuwa naye kwenye diskasheni ya kozi moja tu, semista moja, na sidhani kama tuliwahi kuongea kitu zaidi ya asaimenti. Tukakutana njiani akauliza unafanya nini siku hizi, na siku hiyo nilikuwa nimechoka hata kudanganya, nikamwambia ukweli, niko nyumbani, natafuta. Akanishangaa, "si ungesema? Kazini kwetu tumehangaika kutafuta mtu mwezi mzima." Nafasi ile ilikuwa imeshajazwa tayari, iliniuma mpaka leo inauma, ila wiki tatu baadaye akanitumia tangazo la nyingine na hapo ndo nilianzia.

Nilidhani ni bahati yangu tu, kumbe kuna mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alishaandika haya mambo tangu 1973. Alichukua watu wa kazi za kitaaluma waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, akawauliza huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi kipindi hicho. Waliosema tunaonana mara kwa mara, yaani angalau mara mbili kwa wiki, hawakufika hata asilimia 17. Zaidi ya nusu walisema mara mojamoja, na asilimia kama 28 walisema kwa nadra sana, mara moja kwa mwaka au hata chini ya hapo. Ukikaa ukafikiri inaeleweka, washkaji zako wa damu mpo magrupu yaleyale, mnasikia matangazo yaleyale, wote mnasubiri mlango mmoja. Yule mnayesalimiana kwa kichwa tu ndo ana habari za upande ambao wewe hujawahi kufika.

Kwa hiyo mtu akikwambia ajira siku hizi ni koneksheni usikate tamaa ukadhani lazima uwe na mjomba mkubwa. Wajomba wakubwa wapo na wanafanya yao, sitakudanganya. Ila koneksheni nyingine ni yule uliyekaa naye dawati moja na hujamtafuta toka mtihani wa mwisho. Mtafute, na ukimtafuta usiandike "nisaidie kazi yoyote". Kazi yoyote haikumbukwi na mtu. Mwandikie nimesomea hiki, naweza kufanya hiki na hiki, natafuta sehemu ya namna hii, basi, mistari mitatu, halafu siku tangazo likimpitia mbele ya macho jina lako linamjia lenyewe.

Na kujificha hakuishi ukishapata kazi, usijidanganye. Chuoni kila baada ya miezi michache unapewa maksi, ukifeli unajua umefeli na sapu tarehe fulani. Kazini unaweza kumaliza nusu mwaka hakuna mtu aliyekwambia uko vizuri au unaharibu. Mimi wiki ya kwanza nilipewa ripoti niipange kwenye mfumo wao, sikuelewa, nikaogopa kuuliza wasije wakasema huyu na digrii yake vipi, nikakaa nayo siku tatu najifanya bize, siku ya nne bosi akapita akaona, akakaa akanionyesha kwa dakika kumi. Hakugomba hata. Akasema tu, siku tatu hizo nilikuwa naisubiri. Siku hizi nina utaratibu wangu, najaribu nusu saa, ikigoma naenda kuuliza huku nimeshika nilichojaribu, ili aone sijaja mikono mitupu.

Hela nitaigusa kidogo tu maana mimi si mtaalamu. Hesabu moja tu uiweke kichwani, mia moja ukiiweka mahali inapopata asilimia 8 kwa mwaka na huigusi, inakuwa mia mbili baada ya miaka 9. Sasa geuza, mkopo wa asilimia 10 kwa mwezi, hii mikopo ya fasta ya kwenye simu wengine wanatoza hivyo au zaidi, usipoulipa na riba ikawa inapanda juu ya riba, deni limeshajizidisha mara mbili kabla miezi 8 haijaisha. Miaka tisa kwa miezi nane. Mshahara wa kwanza utakufanya ujione unaweza kukopa chochote, na hiyo feelings muiogope.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia kabisa ni upweke. Chuoni marafiki hawatafutwi, wanakuwepo tu, chumba kimoja, foleni moja, usiku mmoja kabla ya mtihani. Mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Kansas, Jeffrey Hall, mwaka 2018 alitoa makadirio kwamba inachukua masaa kama 50 ya kuwa pamoja kutoka kujuana mpaka kuwa marafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 kufika urafiki wa karibu. Chuoni masaa 200 yanaisha kabla hujajua. Ukiwa kazini, mnaonana masaa mawili kwa mwezi, piga hesabu mwenyewe. Ndo maana nasema wale ulionao tayari usiwamyuti kama mimi, wengine nilikuja kuwatafuta baada ya mwaka wakanijibu kwa heshima sana, "habari za siku ndugu", nikajua hapa nimeshapoteza.

Dogo kaandika tena sasa hivi ninavyomalizia. Voisi bado hajaisikiliza, anauliza kama CV inatakiwa kuwa na picha. Nimemwambia aitume hivyohivyo ilivyo, niione leo.