Nusu msimu imeisha: handikapu imeganda ila gofu yangu imekua

Msimu umefika katikati na kila anayejua nacheza gofu ananiuliza swali lile lile, vipi, handikapu (namba ya kupima kiwango cha mchezaji, ikiwa ndogo ndo bora) imeshuka? Imeshuka kidogo sana, tena baada ya nukta huko, na bado nasema kwa moyo wote huu ndo msimu wangu bora tangu nianze kushika fimbo.

Ngoja nieleze, maana najua wachezaji wa ridhaa wengi wanakata tamaa hapa hapa. Handikapu ya mfumo wa dunia, huu ulioanza 2020, inaangalia raundi zako 20 za mwisho halafu inatoa wastani wa zile 8 bora tu, hizo 12 nyingine zinakaa kwenye rekodi ila hazigusi namba yako. Yaani inakwambia ukiamkia vizuri unaweza kucheza vipi, ila siku mbaya unakuaje haisemi kabisa. Na mimi kilichobadilika ni siku mbaya. Nimezitandaza kadi zangu zote mezani, za msimu uliopita na za sasa, raundi nzuri zinafanana kabisa, ila zile mbovu mwaka jana zilikua mbali mno na sasa zimesogea karibu na nyingine.

Halafu kuna kingine. Mfumo unakata mashimo mabaya kabla ya kuhesabu, kikomo ni dabo bogi ya neti, yaani pa ya shimo (mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji mahiri) ongeza 2 ongeza mikwaju unayopewa kwenye shimo hilo kutokana na handikapu yako. Chukua pa 4 ambayo unapewa mkwaju 1, kikomo chako ni 7, kwaiyo uliyemaliza na 10 na uliyemaliza na 7 kwenye hesabu ya handikapu mko sawa tu! Ila kwa mchezaji hiyo ni tofauti kubwa sana, kwenye mashindano ya mikwaju yote ile 10 inabaki 10, na kichwani unaenda nayo mpaka shimo linalofuata.

Sasa imetokea wapi? Kwa kiasi kikubwa ni kwenye grini, ile nyasi fupi inayozunguka shimo, na sio zile putti fupi (putti ni mkwaju wa kuviringisha mpira hapo). Hesabu za profesa Mark Broadie zinaonyesha hata wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour kutoka futi 8, kama mita 2.4 hivi, wanaingiza karibu nusu tu. Nilipoielewa hiyo namba nikaacha kabisa kuhangaika na mistari ya uelekeo wa putti, kwa sababu kama wale wanakosa nusu, basi kazi yangu ni kutojiachia futi 8 kwenye putti ya pili, na hilo linaamuliwa na nguvu ya putti ya kwanza kuliko uelekeo. Putti ndefu ukikosea uelekeo unakosa kwa nusu mita, ukikosea nguvu unakosa kwa mita tatu.

Siku hizi kabla ya putti ndefu natembea mpaka katikati ya mpira na shimo, nasimama upande wa chini wa mteremko na kusikiliza miguu, maana nyayo zinahisi mwinuko ambao jicho linaukosa. Narudi kwenye mpira, nazungusha puta (fimbo ya putti) mara mbili macho yakiwa kwenye shimo sio chini, mpaka mkono ukubali ule umbali, halafu napiga hapo hapo bila kusubiri. Putti tatu kwenye shimo moja zilikua kitu cha kawaida kwangu, sasa zikitokea nashtuka.

Kuchipu, ile mikwaju mifupi ya kuingia kwenye grini, nako nimerahisisha. Mpira ukiwa hatua chache nje ya grini na njia iko wazi natoa fimbo ya ayoni 8, nashika chini kwenye fimbo, napiga kama naputi, mpira unadondoka mwanzo wa grini na kutambaa wenyewe. Weji, fimbo ya kunyanyua mpira juu, naiacha kwa pale penye bunka (sehemu ya mchanga) au rafu (nyasi ndefu) ya kuruka. Shoti ya chini haina urembo, ila ukiigonga vibaya kidogo bado inafika, na hiyo ndo siri nzima ya kuchunga siku mbaya.

Dreva, ile fimbo ya mikwaju mirefu, sina la kusema sana, umbali ni ule ule, ila kwenye mashimo yenye njia nyembamba naiacha kwenye begi.

Kinachoniuma ni bunka. Natoka, ndio, ila natoka popote, sina udhibiti wa mpira utaishia wapi, na nikipitia kadi mashimo mabaya yaliyobaki mengi yalipita mchangani. Najua kinachotakiwa, uso wa fimbo uwe wazi, fimbo iingie mchangani nyuma ya mpira na swingi iendelee mpaka mwisho, ila mwili unaogopa na kusimama katikati. Kwaiyo nusu ya pili ya msimu mazoezi yangu yanaanzia huko, nachora mstari kwenye mchanga bila mpira kabisa na kupiga mpaka fimbo iwe inaingia kwenye mstari kila mara, ndo naweka mpira. Na handikapu ikae inapotaka, mi nitakua naangalia wastani wa zile raundi 12 zisizohesabiwa.